MOTERE YA WANKEL NDANI YA NDEGE: KUSIKILIZA MBELE YA KUFUNGUA



Motere tunayoijua sisi wote, ya gari, ya mashini ya kusaga muhogo, ya grupu ya umeme, ni motere ya pistoni. Pistoni inapanda na kushuka, na bieli inageuza mwendo ule kuwa mzunguko. Lakini kuko motere ingine isiyo na pistoni hata moja, wala bieli, wala supape. Kitu kinachogeuka ndani yake ni kipande cha chuma chenye pembe tatu. Inaitwa motere ya Wankel, ao motere ya rotori.

Katika ukurasa huu tunataka kueleza mambo matatu: motere hii inatembea namna gani, inagonjwa namna gani, na fundi anaijenga upya namna gani wakati iko ndani ya ndege. Tumechagua ndege kwa sababu moja. Gari ikizimika njiani, watu wanashuka na kusukuma. Ndege ikizimika hewani, hakuna wa kusukuma. Ndiyo maana fundi wa ndege analazimishwa kufikiri kuliko fundi mwingine, na sisi tunaweza kujifunza kwake hata kama hatutashika ndege siku moja.

1. ILITOKA WAPI

Felix Wankel alikuwa Mjerumani, alizaliwa mwaka 1902, akafa mwaka 1988. Motere ya kwanza ya namna yake iliwaka mwaka 1957 katika kiwanda cha NSU, mji wa Neckarsulm. Mwaka 1967 kiwanda kile kiliuza gari iliyoitwa Ro 80. Watu waliipenda, lakini segma za motere zilichakaa upesi sana, na kiwanda kililazimishwa kubadilisha motere nyingi kwa mali yake. Mwaka 1969 NSU iliingia chini ya Volkswagen.

Wajapani wa Mazda walikuwa wamenunua ruhusa mwaka 1961. Kenichi Yamamoto aliongoza kundi la wainjinia 47. Nao walipata shida: ndani ya nyumba ya rotori kulitokea mikwaruzo myembamba, mmoja nyuma ya mwingine, wakaiita makucha ya shetani. Walivumbua kwamba segma ilikuwa inatetemeka inapokimbia juu ya ukuta. Walibadilisha umbo lake, kisha wakatengeneza segma ya kaboni iliyochanganywa na aluminiomu. Mwaka 1967 gari lao la kwanza la rotori, Cosmo Sport, lilitoka. Nyuma yake RX-7 iliuzwa toka 1978 mpaka 2002, na RX-8 toka 2003 mpaka 2012.

Tusichanganye motere hii na zile za ndege za vita vya 1914–1918, kama Gnome ya Ufaransa, ambazo nazo ziliitwa za kuzunguka. Zile zilikuwa na pistoni za kawaida. Lakini mhimili ulisimama, na silinda zote zikazunguka pamoja na elisi.

2. INATEMBEA NAMNA GANI

Chukua ganda la karanga lenye mbegu mbili. Iko nene pande zote mbili, imeminywa kidogo kiunoni. Hiyo ndiyo sura ya nyumba ya rotori. Ndani yake kuko rotori, chuma cha pembe tatu chenye mbavu zilizovimba. Pembe zake tatu zinagusa ukuta wakati wote, na hivi nafasi inagawanyika vyumba vitatu. Rotori inapozunguka, kila chumba kinapanuka na kuminyika: kinavuta hewa na esansi, kinakandamiza, moto unawaka na kusukuma, kisha kinatoa moshi. Zile kazi nne tulizojifunza kwa pistoni ziko zote, lakini kila moja inafanyika mahali pake. Milango ya hewa na ya moshi ni matundu tu. Rotori yenyewe inayafungua na kuyafunga.

Hapa wapenzi wa hesabu wasikie. Katika motere ya Mazda 13B, ndani ya rotori kuko gia ya meno 51. Inazunguka juu ya gia iliyofungwa kwenye ukuta, yenye meno 34. Basi mhimili ukigeuka mara 1, rotori inageuka 1 – 34/51, ni kusema 1/3. Rotori iko na vyumba 3, tena inageuka 1/3: kwa hiyo kila rotori inasukuma mara moja kwa kila mzunguko wa mhimili. Tushike hesabu hii, itatusaidia mbele.

13B iko na rotori mbili. Kila chumba ni 654 cm³. Rotori mbili ni 1.308 cm³. Kila rotori iko na bugi mbili, kwa sababu chumba ni kirefu na moto unachelewa kukimaliza.

Ugumu wote uko kwenye segma. Pistoni inazungukwa na pete za duara, kazi rahisi. Rotori iko na pembe. Inahitaji segma 3 za pembe, segma 6 za ubavu, vifungo 6 vidogo vya mviringo vinavyounganisha segma za pembe na zile za ubavu, tena segma za mafuta. Chini ya kila moja kuko resori ndogo inayoisukuma nje. Kimoja kikikwama, pumzi inavuja.

3. SABABU GANI WATU WANAIWEKA NDANI YA NDEGE

Katika Marekani sheria inaruhusu mtu kujijengea ndege, kama sehemu kubwa ya kazi anaifanya yeye mwenyewe kwa kujifunza ao kwa kujifurahisha. Ndege ile inaandikwa neno la kuonya kwamba ni ya majaribio. Chama chao, EAA, kilianza mwaka 1953, na toka 1970 wanakutana kila mwaka katika mji wa Oshkosh. Motere ya ndege iliyotoka kiwandani ni ya bei kali sana, kwa hiyo wengine wanachukua 13B ya gari lililokufa. Ni ndogo, haitetemeki sana, na haiko na supape ya kuvunjika. Hata ikigonjwa, mara nyingi inapunguza nguvu lakini inaendelea kuzunguka, na rubani anapata dakika za kutafuta uwanja.

Lakini haifungwi kwa elisi moja kwa moja. Inatoa nguvu karibu na mizunguko 6.000 kwa dakika. Elisi ya metre 1,80 ikizunguka vile, ncha yake ingekimbia metre 565 kwa sekunde, na sauti yenyewe inakimbia karibu 340 tu. Elisi ingepiga kelele bila kuvuta vizuri. Ndiyo sababu wanaweka gia za kupunguza, kwa mfano 2,85 kwa 1: motere inafanya 6.000, elisi inafanya karibu 2.100.

Kumbuka pia: aliyejijengea ndege anaweza kufungua motere yake yeye mwenyewe. Ni ruhusa nzuri, lakini ni mzigo. Hakuna bwana mkubwa wa kiwanda wa kulaumu nyuma.

4. DALILI ZA UGONJWA

Fundi mbaya anasikia nguvu imepunguka, mara moja anashika kle. Fundi muzuri anauliza kwanza, sawa na muganga anavyouliza mgonjwa mbele ya kumpasua.

a) Moshi wa buluu: mafuta yanaungua. Segma za mafuta zinashukiwa.

b) Moshi mweupe usiokwisha, maji yanapunguka, viputo vinapanda ndani ya radiateri: pete za mpira zinazozuia maji, kati ya nyumba na kuta, zimekufa ao zimekauka. Mara nyingi motere inayolala usiku inaamka asubuhi na rotori moja tu, kwa sababu maji yamelowesha bugi za ingine.

c) Inawaka vizuri ikiwa baridi, inakataa ikiwa moto: kompresio imepunguka.

d) Ikiwa chini, ndege imefungwa, gazi yote imefunguliwa, mizunguko haifiki tena ile iliyoandikwa siku motere ilikuwa mpya: nguvu imepotea mahali fulani. Hapa ndipo tunaona faida ya daftari. Yule asiyeandika namba za siku nzuri hawezi kujua siku mbaya imeanza lini.

Kuko dalili moja inayodanganya. Maji yakitoka yote ndani ya motere, kipimo cha joto kinabaki ndani ya hewa, na mshale unaweza kushuka. Rubani anafurahi, anasema motere imepoa, kumbe inaungua. Mshale ukishuka ghafla wakati nguvu iko nyingi, hapana kufurahi. Tafuta uwanja.

Mbele ya yote, angalia vitu vya nje: bugi, waya zake, filtre ya hewa, filtre ya esansi, bateri. Motere nyingi zimefunguliwa bure kwa sababu ya waya moja iliyolegea.

5. KUPIMA PUMZI

Kama vitu vya nje ni vizima, tunapima kompresio. Tunakata esansi na moto wa bugi, tunazuia magurudumu kwa mawe, na hakuna mtu anayesimama karibu na elisi, maana demareri itaizungusha. Tunatoa bugi moja ya rotori, tunaweka manometri katika tundu lake, tunafungua gazi yote, tunazungusha.

Manometri ya kawaida, ile ya pistoni, iko na kisupape kidogo kinachoshika namba kubwa kuliko zote. Kwa rotori hii haifai: vyumba ni vitatu, nayo inaonyesha kile chenye nguvu tu. Inaficha wagonjwa wawili nyuma ya mzima mmoja. Fundi anatoa kisupape kile, na mshale unaruka kwa kila chumba: moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Kwa demareri ya mizunguko 250 kwa dakika ni miruko karibu minne kwa sekunde. Hata sikio linaweza kusaidia. Motere nzima inapumua sawasawa: puf, puf, puf. Ile inayogonjwa inapumua kama kiwete anavyotembea.

Kwa 13B ya RX-7 za miaka ya 1986 na nyuma yake, kitabu cha kiwanda kinasema hivi: kwa mizunguko 250, chumba kisishuke chini ya 6,0 kg/cm², na tofauti kati ya vyumba isipite 1,5. Lakini namba ile ni ya mahali pa chini. Mtu anayepima Bukavu, karibu metre 1.500 juu ya bahari, anavuta hewa nyepesi. Namba zake zote zitakuwa ndogo, na motere haina kosa.

Sasa tufikiri. Tuseme rotori ya mbele inatoa 7,5 – 7,5 – 7,4. Ile ya nyuma inatoa 7,2 – 4,1 – 4,0. Kosa liko wapi? Segma ya pembe iko katikati ya vyumba viwili, kama ukuta kati ya majirani. Ukuta ukianguka, nyumba zote mbili zinapata hasara. Kwa hiyo vyumba viwili vibaya, kimoja kizima, maana yake ni segma moja ya pembe, ile inayowatenga, ao kifungo chake. Chumba kimoja tu kikiwa kibaya, tunashuku segma ya ubavu wa chumba kile. Vyumba vyote vitatu vikiwa vibaya sawasawa, ni uzee: resori zimelegea, ukuta umekwisha, ao masizi yamekwamisha segma zote. Hata bulo moja hatujagusa, na tayari tunajua tunatafuta nini.

6. KUFUNGUA NA KUPIMA

Motere hii imepangwa kama mkate uliokatwa vipande: ukuta wa chuma, nyumba ya aluminiomu, ukuta wa katikati, nyumba ya pili, ukuta wa mwisho. Bulo ndefu zinapita toka upande mmoja mpaka mwingine na kubana vyote. Fundi anavitoa kimoja kimoja. Kila segma anaiweka katika sanduku lenye namba, ili ajue ilitoka pembe gani. Segma zikichanganyika katika karai moja, ushuhuda umepotea.

Kisha anapima. Segma ya pembe ya motere hizi ni nene milimetre 2. Ikiwa mpya iko na kimo cha 8,0 mm, ikifika 6,5 mm inatupwa. Kuta zinapimwa kwa rula nyoofu: zisipindike kupita 0,04 mm, ni kusema pungufu ya unene wa unywele. Mahali segma za ubavu zimechimba njia, shimo lisipite 0,10 mm. Nafasi kati ya segma ya ubavu na kifungo cha pembe ikiwa mpya ni 0,05 mpaka 0,15 mm. Ikipita 0,40 mm, pumzi inavuja.

Nyumba ya aluminiomu imepakwa kromu ndani. Kama kromu imebanduka ao segma iliyovunjika imeikwaruza, nyumba ile haifai tena. Hapa wengi wanajaribiwa: "Mkwaruzo ni mdogo, tuweke tu segma mpya." Segma mpya juu ya ukuta mbaya haitadumu.

7. SABABU YA SABABU

Wasomaji, hapa ndipo kuko moyo wa habari yetu. Tuseme tumefungua ile rotori ya nyuma na kukuta segma moja imevunjika ncha. Tumepata kosa? Hapana. Tumepata kitu kilichoumia. Nani amekiumiza?

Segma ya pembe haivunjiki bure. Mara nyingi inavunjwa na mlipuko: badala ya mchanganyiko kuwaka kwa utaratibu, unalipuka kwa pigo moja, kama nyundo. Mlipuko unatoka kwa esansi mbaya, ao esansi kidogo kwa hewa mingi, ao bugi inayowaka mapema, ao joto lililozidi. Tunarudi kwa bugi zetu: za rotori ya mbele ziko na rangi ya udongo, za nyuma ni nyeupe kama chokaa. Weupe ule unaonyesha joto na njaa ya esansi. Tunafuata tuyo ya esansi mpaka kwenye enjekteri ya nyuma, tunakuta kichujio chake kimejaa uchafu.

Sasa tumefika. Uchafu ulileta njaa, njaa ikaleta mlipuko, mlipuko ukavunja segma. Yule ambaye angebadilisha segma tu angefunga motere nzuri sana, yenye segma mpya zinazong'aa, juu ya enjekteri ileile chafu. Ingewaka vizuri siku ya kwanza. Siku ya pili, wakati wa kupanda na gazi yote, juu ya miti, ingevunjika tena.

Ni vilevile kwa maji. Pete za mpira zikiungua, hatubadilishi pete tu. Tunauliza: maji yaliishia wapi? Kofia ya radiateri inashika? Hewa ilibaki ndani ya tuyo? Upepo unafika vizuri kwenye radiateri wakati ndege inapanda polepole? Tena, katika motere hii mafuta yanapoza rotori kwa ndani, na yanabeba karibu 1/3 ya joto. Radiateri ya mafuta iliyo ndogo inaua motere sawa na ile ya maji.

8. KUFUNGA

Usafi kwanza: chembe moja ya mchanga inatosha kukwamisha segma. Vazelini inashika vifungo na segma mahali pake wakati wa kupanga. Pete za maji zinakuwa mpya sikuzote, hata kama za zamani zinaonekana nzima. Bulo ndefu zinabanwa kwa utaratibu, kidogo kidogo, kwa kle ya kipimo, mpaka 3,2 – 4,0 kg-m. Kisha mhimili unasukumwa mbele na nyuma, na mchezo wake unapimwa: uwe 0,04 mpaka 0,07 mm, ukipita 0,09 mm, tunarudia.

Mbele ya kuweka motere ndani ya ndege, fundi anajaza hewa ya kiasi katika njia za maji na kungoja. Kama mshale unashuka, afadhali kujua pale juu ya meza kuliko hewani.

9. KURUDI ANGANI

Motere iliyojengwa upya inatembea masaa chini kwanza, ndege imefungwa kwa kamba. Kompresio inapimwa tena, namba zinaandikwa. Siku ya kuruka, rubani anakuwa peke yake, anazunguka juu ya uwanja, hatoki mbali. Anajua pia kwamba motere hii, kwa sababu bugi na enjekteri zake zinahitaji umeme, inakufa bateri ikikufa. Ndiyo maana wenye akili wanabeba bateri mbili.

Sisi hapa shuleni hatuna motere ya Wankel. Lakini tuko na pompi, grupu, redio na vélo, tena kila mmoja wetu ataharibikiwa na kitu siku moja. Andika namba za siku nzuri. Sikiliza mbele ya kufungua. Na ukikuta kilichovunjika, usiseme umemaliza. Uliza nani amekivunja. Kazi ya mikono inayofanywa hivi ni kazi safi mbele ya watu na mbele ya Mungu, maana mwingine ataketi juu yake akiwa na tumaini.

MAULIZO KWA WASOMAJI

1. Motere inafanya mizunguko 5.400 kwa dakika. Rotori inafanya mingapi? Na elisi, kama gia ni 2,85 kwa 1?

2. Rotori inatoa 6,9 – 6,8 – 3,5. Utatafuta kosa wapi kwanza?

3. Sababu gani manometri ya pistoni inadanganya kwa motere hii?

Leteni majibu kwa mwalimu wa fizika. Anayejibu ya pili aeleze pia namna alivyofikiri.